Mbingu nyeupe Malindi, mto umejaa: jibu kwa msomaji wa Sabaki

Swali: Shikamoo mwalimu. Tunaishi bondeni Sabaki, ng'ambo ya daraja upande wa Mambrui, watu saba kwenye nyumba ya udongo na makuti, hatua kama mia mbili kutoka mtoni. Tuna kisima, ng'ombe wawili na mbuzi sita. Kila redio ikitangaza mvua kubwa mimi hutaka tuhame. Mume wangu hutazama juu akasema mbingu nyeupe, tuhame kwa nini? Mama mkwe naye anasema maji ya tisini na saba yaliishia kwenye mwembe, nyumbani hayakuingia. Tutajuaje wakati wa kuondoka, na tujiandae vipi? Na ile tsunami, nayo tuiogope?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na mumeo, kwa sababu kosa lake ni la watu wengi wa bondeni na ndilo linalowakuta usiku wakiwa kitandani. Anatazama mbingu ya Malindi, na mafuriko ya Sabaki hayatengenezwi Malindi. Mto huo unaanzia bara. Maji ya Mbagathi, ya mito ya Nairobi, ya Ruiru na Ndarugu yanaingia mto Athi, unapita chini ya Ol Donyo Sabuk, unakusanya ya Machakos, Makueni na Kitui, kisha ndani ya Tsavo Mashariki unakutana na mto Tsavo na kuitwa Galana. Ukikaribia kwetu ndipo unaitwa Sabaki. Ni safari ya kilomita kama 390. Kwa hiyo inaweza kupita wiki nzima kwenu pasidondoke tone, na mto ukapanda ukavunja kingo mchana wa jua kali.

Umbali huo una faida yake: unawapa muda. Maji yakienda mita moja na nusu kwa sekunde, kilomita 390 ni kama siku tatu. Yakienda mita mbili kwa sekunde ni siku mbili na robo. Haya ni makadirio, lakini yanatosha kukuonyesha kwamba habari ya mvua ya Jumatatu kule juu ni habari ya mlango wako Alhamisi. Muda huo hupungua mvua ikinyesha karibu zaidi, tuseme Kitui au Tsavo kwenyewe, na hupungua pia ikiwa ni mvua ya pili au ya tatu mfululizo. Mvua ya kwanza hunywewa na ardhi kavu. Ya tatu inakuta ardhi imeshiba na mto tayari umejaa, inateremka yote. Ndiyo maana watu husema "ile ya mwanzo ilipita salama", wakatulia, wakabebwa na iliyofuata.

Basi redioni sikiliza majina haya: Nairobi, Kiambu, Machakos, Makueni, Kitui, Kajiado, na miteremko ya Kilimanjaro inayolisha mto Tsavo. Ukisikia Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya mvua kubwa kwa maeneo hayo, hiyo ni tahadhari yako hata kama Malindi haikutajwa. Na ukisikia bwawa la Masinga au Kiambere limejaa na maji yanafurika, usichanganye. Mabwawa hayo yako kwenye mto Tana. Habari hiyo ni ya watu wa Garsen, Delta ya Tana na Kipini. Kila msimu bondeni kwenu kuna wanaokimbia kwa tangazo la Masinga na wanaolala kwa tangazo la Machakos, na ingepasa iwe kinyume.

Misimu ya kuwa macho ni miwili: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Vuli ndiyo hubadilika zaidi mwaka hadi mwaka. Bahari ya Hindi upande wetu ikipata joto kuliko upande wa Indonesia, na zaidi ikiambatana na El Niño ya Pasifiki, vuli huwa kubwa kupita kiasi: ndivyo ilivyokuwa 1997 na 2023. Mwaka 2019 joto la Bahari ya Hindi peke yake lilitosha. Lakini masika ya 2024 yaliharibu sana bara, kwa hiyo usingoje kusikia neno El Niño ndipo uamke. Kituo cha hali ya hewa cha kanda, ICPAC, hutoa mwelekeo wa vuli kabla msimu haujaanza, kwa kawaida mwishoni mwa Agosti. Tangazo hilo ndilo la kukufanya urekebishe nyumba na kuchanja mifugo. La kuondoka ni tangazo la siku tano au saba, pamoja na mto wenyewe.

Kuna jambo moja zaidi la kuangalia, na hili wavuvi wa Mambrui wanalijua vizuri: mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, na pwani yetu bamvua hujaa karibu na saa kumi, ya alfajiri na ya jioni. Tofauti ya maji kupwa na kujaa hukaribia mita nne. Mto uliofurika ukifika mdomoni saa hiyo hukuta bahari imesimama juu, haupati pa kutokea, unarudi kulala mashambani. Mto huohuo ukifika siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, unaweza kupita bila kuvuka ukingo. Mkihesabu siku tatu kutoka mvua ya bara zikaangukia bamvua, msingoje kuona.

Sasa mama mkwe na mwembe wake. Usibishane naye. Ana kipimo ambacho hakuna ofisi iliyonacho, tatizo ni kwamba kimebaki kwenye maneno. Mwombe akuoneshe kwenye shina la mwembe maji yalifika wapi hasa, na kama kuna mzee jirani aliyekuwepo aje naye aoneshe lake bila kusikia la mama. Wakikubaliana ndani ya upana wa kiganja, pigeni alama ya rangi. Kisha muihamishe alama hiyo mpaka nyumbani kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani ambao mafundi hutumia kusawazisha msingi. Mita 15 zinatosha. Ujazeni maji kwa kuyavuta kutoka kwenye ndoo, hakikisheni hakuna kiputo cha hewa hata kimoja ndani, kwa sababu kiputo kimoja kitakudanganya kwa sentimita kadhaa. Kabla ya kuanza, wekeni ncha mbili pamoja: maji lazima yalingane. Mmoja ashike ncha kwenye mwembe mpaka maji yatulie sawa na alama, mwingine apige alama kwenye kigingi upande wa pili, kisha mwendelee kigingi kwa kigingi mpaka ukutani. Ncha zote mbili ziachwe wazi. Ukiziba moja kwa kidole maji hayasogei na alama inakuwa uongo. Kwa masafa ya hatua mia moja, mia mbili, kutoka mtoni kuja nyumbani, maji ya mafuriko yaliyotanda huwa karibu usawa mmoja, kwa hiyo alama itakuwa ya kuaminika.

Hapo mtajua kama maji ya 1997 yalikuwa chini ya sakafu yenu kwa mita nzima au kwa upana wa vidole vinne. Ongezeni nusu mita juu yake kabla hamjajiona salama. Mto huu hubeba udongo mwingi mno, ndiyo maana bahari ya Malindi hugeuka nyekundu msimu wa mvua, na sehemu ya udongo huo hulala ndani ya mkondo na bondeni. Mkondo umehama, mdomo umehama, na maji yaleyale ya 1997 yakija leo hayana sababu ya kuheshimu alama yao ya zamani.

Lakini kipimo cha nyumba sicho kitakachokuokoa. Hapa naomba usome taratibu.

Mto unaobeba udongo hujenga kingo zake mwenyewe. Kila ukifurika, mchanga mzito huanguka karibu na ukingo na tope laini huenda mbali. Baada ya miaka mingi ukingo unakuwa juu, na nyuma yake, kuelekea barabarani, ardhi inashuka. Nyumba nyingi za bondeni ziko pale juu ya tuta la mto kwa sababu panaonekana pakavu, na kweli pakavu. Mafuriko yakija hupenya mahali dhaifu pa ukingo, pengine nusu kilomita juu yako, yanafuata mkondo wa zamani ulio nyuma ya nyumba, na yanakata njia yako ya kutokea wakati ua wako bado ni mkavu. Mwenye nyumba anatazama mto mbele, anaona bado kidogo, akigeuka nyuma anakuta ziwa. Watu wengi wanaookolewa kwa boti walikuwa wamekaa penye ukavu wakingoja maji yafike mlangoni.

Kwa hiyo tembeeni, wewe na mumeo, njia mnayoitumia kwenda barabara kuu, na mtafute mahali pa chini kuliko pote. Hapo ndipo kipimo chenu. Hamisheni usawa wake kwa mpira ule ule mpaka mtoni, kwenye boriti ya mita tatu mtakayoichimbia sentimita 80 na kuishindilia mawe. Msiisimike kwenye mkondo mkali, itang'olewa siku mnayoihitaji. Tafuteni pembe ya ukingo ambapo maji yametulia, na simikeni ya pili nyuma yake juu zaidi. Pigeni alama kila sentimita 10. Usawa wa ile sehemu ya chini ya njia ni mstari mwekundu: maji yakifika hapo, kila mtu awe ameshavuka. Mita moja chini yake chora mstari wa njano. Maji yakigusa njano, mama mkwe, watoto, mjamzito kama yupo, na mifugo wanaondoka saa hiyo hiyo. Nusu mita chini ya nyekundu wanaondoka waliobaki, hata kama mmoja anasema anabaki kulinda. Mafuriko ya kwanza madogo yatawarekebisha: siku maji yanapoanza kulowesha njia, kasome boriti, na kama mstari mwekundu haukuwa sawa upakwe upya.

Kuanzia mto unapopanda, someni boriti kila saa na muandike. Ukipanda sentimita 10 kwa saa, kutoka njano hadi nyekundu mna saa kumi; hesabuni tano tu, kwa kuwa mto huongeza mwendo ukingo ukishavunjika juu yenu. Na usiku una sheria yake: mstari wa njano ukiguswa baada ya alasiri, wote muwe mmetoka kabla ya magharibi. Gizani huoni korongo, huoni waya wa umeme ulioanguka, na kwenye Sabaki huoni mamba wala kiboko. Wanyama hao hutoka mtoni wakati wa mafuriko na kutembea mashambani kwenye maji ya magotini. Nyoka nao hupanda juu ya vitu vikavu, yaani juu ya vitu vyenu.

Kuna dalili nyingine ambazo boriti haisemi. Rangi ya maji ikizidi kuwa nzito ghafla, na yakianza kuteremka magogo, majani mabichi na migomba mizima, jueni kule juu kingo zimeanza kubomoka.

Msijaribu kuvuka maji yanayokwenda. Sentimita 15 za maji yanayokimbia zinaweza kumwangusha mtu mzima, 30 hubeba gari dogo, 60 hubeba karibu gari lolote, na bodaboda ni jepesi kuliko yote hayo. Mwendo wa maji ukizidi mara mbili, nguvu yake huzidi mara nne, ndiyo sababu mahali ulipovuka asubuhi pakakuua jioni huku kina kimeongezeka kidogo tu.

Mnakwenda wapi, lazima iamuliwe kabla ya msimu na ijulikane kwa chifu na mzee wa kijiji: kwa jamaa gani upande wa juu, au shule au msikiti gani. Hapa kuna hesabu ya daraja. Ninyi mko upande wa Mambrui na hospitali kubwa iko Malindi mjini, ng'ambo ya pili. Barabara ya pande za daraja ikifungwa, mjamzito wa miezi ya mwisho, mgonjwa wa dawa za kila siku na mtoto mchanga wanabaki upande usio na hospitali hiyo. Hao wavushwe mapema, kwa tangazo la mvua ya bara pekee, bila kungoja mstari wa njano. Namba ya bure ya Msalaba Mwekundu Kenya ni 1199. Iandikeni ukutani na kwenye kila simu, pamoja na ya chifu.

Begi la kuondoka liwe tayari tangu Oktoba na tangu Machi. Vitambulisho, hati ya shamba, vyeti, kadi za kliniki za watoto, vyote kwenye mifuko miwili ya nailoni iliyofungwa mmoja ndani ya mwingine. Dawa za wiki mbili, tochi, redio ya betri, simu na pawabenki iliyojaa, kiberiti ndani ya chupa kavu, kamba ya mita 20, turubai, vyandarua, sabuni, pedi, na pesa taslimu za noti ndogo kwa kuwa mtandao ukikatika hakuna anayelipwa kwa simu. Maji ya kunywa ni lita tatu kwa mtu kwa siku. Ninyi saba ni lita 21, kwa siku tatu ni 63, yaani mitungi minne ya lita 20 na kidogo kinabaki cha kupikia.

Nyumba ya udongo na makuti haishindani na maji, lakini inaweza kusaidiwa. Udongo uliolowa kwa saa nyingi huyeyuka kutoka chini, na ukuta mara nyingi huanguka baada ya maji kuondoka, ulipokosa cha kuushikilia. Mnapokandika upya, inueni msingi wa mawe na saruji nusu mita juu ya ardhi kabla ya kuanza fito. Msijaribu kuziba milango ili maji yasiingie. Maji ya kina cha mita moja nje, ndani kukavu, husukuma kila mita moja ya urefu wa ukuta kwa nguvu ya kama kilo 500. Mkiondoka fungueni milango yote miwili yapite. Vyakula na magodoro yapandisheni kwenye uchaga uliojengwa kwa boriti zake zenyewe zilizochimbiwa chini, usiotegemea ukuta. Uchaga huo ni wa vitu. Mtu asipande juu ya makuti kungoja kuokolewa, kwani nguzo zikilegea paa lote huondoka naye. Betri ya sola itolewe, swichi kuu ya umeme izimwe mikono ikiwa mikavu.

Mifugo ndiyo inayochelewesha watu kuliko kitu chochote, na haifai kudharau jambo hilo: ng'ombe wawili ni karo ya shule. Mbuzi na ng'ombe waende kwa jamaa wa juu tangu tahadhari ya bara inapotoka, kwa miguu, mchana, wakati njia ni kavu. Mkikosa pa kuwapeleka na maji yamefika, kateni kamba zao. Ng'ombe anaogelea vizuri. Aliyefungwa hufa palepale. Na chanjo ya Homa ya Bonde la Ufa ni ya kabla ya msimu. Ugonjwa huu ulizuka Kenya baada ya mvua za 1997 na za mwisho wa 2006, kwa sababu mayai ya mbu wanaoubeba hukaa ardhini kavu miaka mingi yakingoja maji. Ugonjwa ukishaingia zizini, kuchanja kwa sindano moja mnyama hadi mnyama huweza kuusambaza, kwa hiyo muulizeni daktari wa mifugo Agosti au Februari. Mkiona mbuzi wanatoa mimba wengi kwa pamoja baada ya mafuriko, msiguse mimba hizo kwa mikono mitupu, msichinje mnyama mgonjwa, msinywe maziwa yasiyochemshwa, na mtoe habari siku hiyohiyo.

Kurudi nyumbani ni hatari ya pili, na watu huichukulia kama sherehe. Rudini wakubwa kwanza, mchana, na fimbo ndefu. Gongeni kuta kutoka nje kabla ya kuingia. Palipovimba au palipotengana na nguzo pabomolewe, pasikandikwe juu yake. Mahindi yaliyolowa mafuriko msiyale na msiwape kuku: mbali na uchafu wa vyoo, huota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kupika.

Kisima kichukuliwe kuwa na kinyesi ndani hata kama maji yake yanaonekana safi, kwa sababu vyoo vya shimo vya bonde zima vimefurika kwenye maji yale yale. Msikimbilie kukikausha kwa pampu kubwa siku ya kwanza. Ardhi ya pembeni bado imejaa maji na inasukuma kwa ndani. Ukikitoa maji ghafla, kuta za kisima huporomoka. Ngojeni maji ya ardhini yashuke, toeni tope na maji machafu taratibu kwa ndoo, acheni yajae upya, ndipo mtie klorini. Hesabu yake ni hii. Kisima chenye upana wa mita 1.2 na maji ya kina cha mita 2 kina lita kama 2,260. Chukueni unga wa klorini wa asilimia 70, unaopatikana kupitia afisa wa afya ya umma, gramu 30 kwa lita 10 za maji kwenye ndoo ya plastiki. Unga uingie kwenye maji, msimwage maji juu ya unga, na msiuvute puani. Kila lita 100 za kisima hupata lita moja ya mchanganyiko huo, kwa hiyo kisima hiki kinahitaji lita 23. Koroga kwa mti mrefu, funika, acha usiku mzima, kisha toa maji mpaka harufu kali ipungue. Maji ya tope hula klorini yote kabla haijaua chochote, ndiyo sababu kusafisha kunatangulia. Mpaka kisima kitakapopimwa, maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu, au yatiwe dawa ya maji kama chupa inavyoelekeza na kungojwa dakika 30.

Mtu akianza kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele, hicho huenda ni kipindupindu, na huua kwa kukausha mwili ndani ya saa chache. Lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikatwe usawa bila kilima, apewe kidogo kidogo bila kukoma huku akipelekwa kituo cha afya. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, kwa hiyo onjeni: yasizidi ukali wa machozi.

Shamba lenyewe litawalipa sehemu ya hasara. Tope jipya la mto lina rutuba, na pojo zilizopandwa maji yanaposhuka huvunwa kwa siku 60 hadi 75, kabla ya msimu mwingine kufika. Kunde nazo zitakuwa zimewapa mboga mapema zaidi.

Umeuliza tsunami. Iheshimuni, ila isiwaondolee usingizi unaostahili mto. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la ukubwa wa 9.1 lilipiga pwani ya Sumatra karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu, na mawimbi yalichukua kama saa tisa kufika kwetu, wakati bahari imepwa. Hilo, pamoja na ufuo kuondolewa watu mapema, lilifanya Kenya ipoteze mtu mmoja wakati jirani zetu Somalia walipoteza mamia. Baada ya hapo nchi za Bahari ya Hindi zilianzisha mfumo wa kuonyana, na kwetu onyo hupitia Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Tetemeko la mbali namna hiyo hamtalihisi, kwa hiyo dalili zenu ni mbili: tangazo, na bahari kupwa au kujaa saa isiyo yake. Kimbunga nacho ni nadra kwetu kwa kuwa tuko nyuzi tatu tu kutoka ikweta, ingawa Hidaya ilifika Mafia, Tanzania, Mei 2024. Kwa Malindi hatari yake ya kawaida ni mawimbi na upepo kwa walioko baharini.

Kwenu ninyi, tsunami ingekuja kwa njia ya mto, kwa sababu mdomo wa Sabaki ni mlango ulio wazi na wimbi hupanda mto mbali kuliko linavyopanda ufuo. Njia ya kutokea ni ileile mliyoipima kwa ajili ya mafuriko, ila hapa hakuna kusoma boriti: mnaacha begi na mifugo, mnakwenda juu kwa miguu. Wimbi la kwanza mara nyingi si kubwa kuliko yote, na yanayofuata huja kwa saa nyingi, kwa hiyo msirudi bondeni mpaka itangazwe rasmi kwamba bahari imetulia.